Namna ya Kuipima Vespa ya Urithi

Mtu aliyeachiwa na marehemu baba yake Vespa kongwe, na Vespa za namna hiyo hazikosekani katika mitaa ya Ng'ambo hapa Unguja, toka Kikwajuni na Miembeni hata Jang'ombe na Kwahani, huwa amepokea amana yenye haki mbili: haki ya kurejeshewa sura yake ya asili, na haki ya kwenda barabarani kwa salama. Mafundi wanaoitimiza haki moja ni wengi. Anayezikusanya zote mbili ni adimu, na hana budi kutambuliwa kwa kazi yake.

La kwanza kutazamwa ni bati. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyoanza kuiuza mwaka 1946, hakuipa fremu ya mabomba kama ya pikipiki. Mwili wenyewe wa bati ndio unaobeba injini, magurudumu na mpandaji. Kwa hivyo, katika kisiwa hiki chenye upepo wa chumvi na mvua za masika, kutu inayoila sakafu huila nguvu ya chombo kizima. Fundi mahiri hulikata bati lililooza mpaka afikie chuma kizima, akaunga kipande kipya ukingo kwa ukingo. Fundi wa haraka hubandika bati juu ya bati, na baina ya mabati hayo mawili maji ya chumvi hupata maskani. Chutama, upitishe vidole chini ya sakafu, na palipo na kiraka utakihisi. Kisha funga sumaku kwa kitambaa laini, uitembeze juu ya kinga ya miguu na vifuniko vya pembeni: inaposhika kwa ulegevu, ujue pamejazwa puti nene. Mwisho simama nyuma, usukani ukiwa umenyooka, utazame kama gurudumu la mbele na la nyuma yamo katika mstari mmoja.

Rangi hudanganya wengi kwa mng'ao wake. Inua kiti, uchungulie chini ya tangi, mahali ambapo jua halikufika. Hapo aghalabu husalia rangi ya kiwandani, na fundi mwenye adabu ya kazi huanza kwa kuitafuta hiyo. Rangi iliyomwagikia mipira, waya na vichwa vya skrubu ni ushahidi kwamba chombo hakikufunguliwa.

Injini nayo ina lugha yake. Vespa ya toleo la PX, iliyotoka mwaka 1977, ikiwa haina pampu ya oili, hutaka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Baada ya mwendo wa kutosha fungua plagi: hudhurungi ni afya, weusi wa majimaji ni oili nyingi, na weupe ni joto la kupita kiasi. Ikiwa moshi mzito haukatiki na oili ya gia inapungua, sili ya upande wa klachi imekufa. Ikiwa injini inapanda mbio pasipo kuvutwa, huenda hewa inaingia kwa sili ya upande wa pili. Anayebadilisha pistoni na ringi akaziacha sili kuukuu ameitenda nusu ya kazi.

Ama kuongeza yasiyokuwapo, kipimo chake ni manufaa. Kuhama kutoka platini na volti 6 kwenda umeme wa volti 12 ni jambo jema, kwa kuwa taa hafifu usiku ni hatari. Breki ya diski ya mbele nayo ina asili, kwani Piaggio wenyewe waliitia katika PX mwaka 1998. Lakini silinda kubwa yenye kuzidisha mbio, iliyofungwa juu ya breki za zamani, ni ujinga uliovikwa sura ya ufundi. Na kila kilichotolewa kirudishwe mkononi mwa mrithi, ili chombo kiweze kurejea hali yake akipenda.

Basi kabla ya fedha kutolewa liwekwe sharti moja: fundi amwite mwenye mali siku ambayo bati li tupu, kutu imekwisha kukatwa, na rangi haijagusa chochote. Aliyefanya kazi ya haki ataita kwa furaha; anayetafuta udhuru siku hiyo asikabidhiwe urithi wa mtu.