Mvua na Hesabu ya Wanyama Wadogo wa Mabwawa ya Nyalenda

Mabwawa ya majitaka ya Nyalenda, yanayosimamiwa na kampuni ya maji ya KIWASCO mjini Kisumu, husafisha maji kwa jua, bakteria na muda, na ndani yake huishi zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini ambao idadi yao hubadilika kwa majira. Kwa kuwa Kisumu iko karibu na ikweta na joto lake halitofautiani sana mwaka mzima, majira hapa hayana budi kusomwa kwa mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, wala si kwa baridi kama ilivyo Ulaya.

Kuhesabu huanza kwa kuchuja lita zilizopimwa kupitia wavu wenye matundu ya mikromita 50 hivi, maana matundu mapana zaidi huwapoteza rotifa, wanyama wenye taji la vinyweleo kichwani ambao wengi hawafikii hata nusu milimita. Sampuli huhifadhiwa kwa formalini, kisha sehemu yake huhesabiwa kwa hadubini na kukadiriwa idadi kwa lita.

Ugumu umo katika kufasiri idadi hiyo. Maji ya mvua yakipenya katika mabomba ya majitaka, muda wa maji kukaa bwawani, unaopatikana kwa kugawanya ujazo kwa mtiririko wa siku, hupungua, hata bwawa la siku 20 likawa la siku 10 mtiririko ukiongezeka maradufu. Rotifa aina ya Brachionus, ambao majike yao huzaa bila dume na hukomaa kwa siku mbili hivi, hufidia upesi wale wanaosombwa, ilhali Daphnia, mnyama wa jamii ya kladosera mwenye gamba jembamba linalopitisha nuru, huhitaji takriban juma zima. Kiangazi nacho kina hatari yake: mwani ukistawi hunyonya kaboni dioksidi, maji yakazidi ualkali, na amonia ikageuka kuwa sumu inayomdhuru Daphnia, mchujaji hodari wa mwani wenyewe.

Kwa hiyo idadi iliyoshuka Aprili si ushahidi wa vifo, kwani huenda wanyama wamesombwa au maji yameongezeka tu. Hesabu isiyoambatana na mtiririko, ualkali na saa ya kuchota haitoshi kuamulia ubora wa maji yanayoelekea Ghuba ya Winam.