Mvua ya Kitale, Mafuriko ya Budalang'i

Mvua kubwa ikinyesha Cherang'any na Mlima Elgon, Budalang'i huwa na siku moja au zaidi ya kujiandaa. Mto Nzoia huteremka kupitia Trans Nzoia, hupokea maji ya Koitobos, huporomoka Nabuyole pale Webuye, hupita Mumias, ndipo huingia tambarare ya Busia, ilipo Budalang'i, kuelekea Ziwa Victoria. Siku hiyo moja ni hazina kubwa, na uchambuzi huu unahusu jinsi wananchi wa kawaida walivyopewa nafasi ya kuitumia.

Kwanza serikali ilitegemea matuta ya udongo kandokando ya mto. Yalisaidia, lakini yalipasuka 2008, yakapasuka 2011, na Mei 2020 mto ukavunja tena kingo zake. Kwa hiyo ulihitajika mfumo wa onyo. Kimo cha maji hupimwa kwenye daraja la Rwambwa. Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha redio ya kijamii, Bulala FM, hapo hapo Budalang'i, ili utabiri usomwe kwa lugha ya wenyeji. Chifu huitisha baraza, na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu husaidia kuhamisha familia.

Ugumu upo kwenye hatua ya mwisho. Mtu akisikia kwamba maji yanapanda, haondoki papo hapo. Anawaza ng'ombe wake, mahindi ambayo hayajavunwa, na wezi watakaoingia nyumba ikibaki tupu. Onyo linalofaa humwambia aende wapi, apitie njia gani, mifugo ikae kwa nani. Hayo hayawezi kuandikwa Nairobi. Mjitolea wa kijiji anajua bibi yupi hawezi kutembea, na ni kijana gani wa bodaboda atakayemchukua usiku bila kubishana kuhusu nauli. Kazi yake ni ndogo, inaeleweka, na imekabidhiwa mtu anayejulikana kwa jina. Naamini nguvu ya mfumo mzima imo humo.

Imani nayo ina uzito. Huko Bunyore, Vihiga, wataalamu wa hali ya hewa waliketi na wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma dalili za mvua kwa miti, wadudu na upepo, wakapatanisha utabiri wao. Wakulima wengi walikuwa wakiwasikiliza wazee hao tangu zamani, hivyo taarifa ya pamoja ilipata masikio.

Pengo ninaloliona liko huku kwetu juu. Kitale na Bungoma tunaiona mvua kwanza, ilhali baraza zetu hazizungumzii jirani wa chini. Hata hapa kwetu Myanga, Bungoma, tuna watu wa kuanzia: wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua vifaa vya wahamasishaji 100,000 nchini kote, simu zikiwemo. Hao tayari wanazunguka nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa kusoma kipimamvua na kujua namba ya kupigia simu kiwango fulani kikipitwa, taarifa itaanza safari kabla ya maji. Lakini walipwe posho kwa wakati na wapewe salio la simu. Wengi wana shamba na watoto wa kulisha, na hatuwezi kuwaomba walinde maisha ya Budalang'i kwa gharama ya mifuko yao.