Boomerang na Tabu ya Kurudi

Kutoa orodha fupi kwenye faili kubwa ni kazi nyepesi. Tabu huanza mtu anaporekebisha ile orodha fupi, kisha akataka marekebisho yarudi kwenye faili lenyewe, ilhali nusu ya data haikuwamo katika orodha. Wahandisi wanaounda programu kwa modeli wanaijua adha hii: mchoro wa klasi umezaa majedwali ya hifadhidata, fundi mwingine akayagusa majedwali, na mchoro ukabaki unasema ya jana.

Nate Foster na Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzao, walilikabili tatizo hili katika makala ya 2005 kwa kitu walichokiita lenzi. Ni programu moja yenye njia mbili. Ya kwenda husoma chanzo, yaani faili kubwa, na kutoa nakala, yaani orodha fupi. Ya kurudi hupokea nakala iliyorekebishwa pamoja na chanzo cha zamani, maana katika chanzo hicho ndimo yalimo yaliyofichwa. Lenzi njema hufuata sheria mbili: usipogusa nakala, chanzo kisibadilike; ukiigusa na kuirudisha, ukisoma tena ukute ulichoandika.

Sheria hizo hazitoshi. Tuseme faili la waandishi lina mistari miwili: Shaaban Robert, 1909-1962; Euphrase Kezilahabi, 1944-2020. Nakala inaonyesha majina peke yake. Mhariri akiyapanga kialfabeti, Kezilahabi atatangulia, na lenzi inayolinganisha mistari kwa nafasi itamvika miaka ya Shaaban. Sheria zote mbili zimetimia, na faili limeharibika!

Boomerang, lugha ambayo Foster, Pierce na wenzao waliitoa 2008, ilitibu dosari hiyo hasa. Mwandishi wa lenzi hutaja sehemu ipi ni ufunguo, na mistari hupatanishwa kwa ufunguo huo popote ilipohamia. Kwangu huu ndio mchango wake mkubwa, kuliko hata nadharia yake ya kihisabati. Fikra hizo ziliingia kwenye Augeas, zana ya Linux inayobadilisha mafaili ya mipangilio kama /etc/hosts bila kufuta maelezo ya msimamizi.

Ufunguo nao una udhaifu. Mhariri akisahihisha herufi moja tu ya jina lililo ufunguo, Boomerang ya 2008 huona mtu kafutwa na mwingine kaongezwa, na miaka ya kweli hupotea. Basi unayeandika lenzi, usifanye jina kuwa ufunguo. Weka namba ya kumbukumbu, hata kama italazimu ionekane kwenye nakala.