Fundi Anayelisikiliza Bati

Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002, ilikusudia gari la kazi, la kubeba bidhaa na vifaa vya ofisi katika miji ya Japani. Ndiyo maana sakafu yake ya nyuma ni ndefu na tambarare, milango ni myepesi, na mapambo ya ndani ni yale ya lazima tu. Zilipofika Kenya zikiwa mtumba, Probox zikapewa majukumu mengine: teksi za kati ya mji na mji, gari la shambani, mbeba miraa kutoka Meru. Zimeyabeba yote kwa uaminifu. Lakini gari likishika kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, abiria wa nyuma hulazimika kupaza sauti ili dereva amsikie.

Hapo ndipo anapohitajika fundi wa kupunguza kelele. Kazi yake ikikamilika haionekani tena, kwani yote hubaki nyuma ya makava ya milango na chini ya kapeti. Huenda ndiyo sababu husifiwa kidogo kuliko fundi wa rangi au fundi wa muziki. Anastahili sifa kubwa zaidi.

Fundi hodari haanzi kwa kufungua boksi la vifaa. Huanza kwa kuliendesha gari. Kelele inayopanda na kushuka pamoja na injini, hata gari likiwa limesimama, hupita kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Inayobadilika mara tu barabara inapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami ya kokoto ni ya matairi. Inayozidi kadiri mwendo unavyozidi, ikipanda pia pepo za kando zinapovuma, mara nyingi ni hewa inayopenya kwenye raba za milango zilizochoka. Akirudi gereji huvua makava na kugonga bati kwa konzi, kipande baada ya kipande. Ni baada ya hapo tu ndipo anapochagua nyenzo.

Debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari jepesi ni debe pana lililopakwa rangi nzuri. Mtu akiweka kiganja juu ya debe linalogongwa, mvumo hukatika, ingawa kiganja hakikufunika hata robo yake. Kazi hiyo ndani ya gari hufanywa na butili, mpira uliovumbuliwa Marekani mwaka 1937 na wanakemia William Sparks na Robert Thomas, wa jamii ile ile inayotengenezewa tyubu za matairi. Kwenye gari hutumika ikiwa laini na yenye kunata, huku mgongoni imevishwa karatasi ya alumini. Bati linapojipinda kwa mtetemo, alumini hukataa kujipinda nalo. Butili iliyobanwa katikati huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtetemo hugeuka joto dogo lisilohisika kwa mkono. Edward Kerwin, mtaalamu wa sauti wa Marekani, alieleza hesabu za mpangilio huo mwaka 1959.

Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kila sentimita ya bati ifunikwe hupoteza pesa. Butili ya milimita 2 ina uzito wa takriban kilo 3 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo hulipiwa kwa mafuta. Fundi hubandika vipande katikati ya bati, mahali linapojipinda zaidi, kisha hugonga tena. Mlio mrefu ukigeuka kishindo kifupi, robo ya eneo inaweza kutosha.

Kuna wanaobandika mabamba ya lami badala ya butili, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Lami si nyenzo mbaya. Viwanda vya magari vyenyewe hulaza mabamba yake sakafuni, yakaokwa pamoja na rangi hadi yakashikana na bati. Sakafuni hayana pa kuangukia. Taabu huja yanapobandikwa darini au milangoni kwenye gari linaloegeshwa juani Mombasa: lami hulainika, hutoa harufu, kisha huachia.

Hata hivyo butili haizuii mngurumo wa matairi unaosafiri hewani. Huo huhitaji ukuta mzito unaokunjika, na nyenzo inayopendwa ni vinili iliyochanganywa na madini, yenye uzito wa takriban kilo 5 kwa mita ya mraba. Uzito wa ukuta ukiongezwa mara mbili, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli zisizozidi 6 hivi. Lakini ukuta huo hautaki nyufa. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauuachi upunguze zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Ndiyo maana fundi hutumia muda mwingi kwenye matundu ya nyaya na maungio kuliko kwenye sehemu pana zilizo rahisi.

Kati ya vinili na bati hulazwa sponji ya vishimo vilivyofungwa, ili ukuta usiguse bati na kupokea mtetemo wake. Sponji ya vishimo vilivyo wazi hunywa sauti vizuri, ila hunywa na maji. Mvua hupita pembeni mwa kioo cha mlango kila mara, ikashuka ndani na kutokea kwenye matundu madogo ya chini. Anayeyaziba matundu hayo huanzisha kutu. Fundi makini huyaacha wazi, hukwepa nyaya za mifuko ya hewa na reli za kioo, na huirudisha karatasi ya plastiki ya mlango ilivyokuwa. Kabla ya kubandika chochote hufuta bati kwa spiriti, kisha huikandamiza butili kwa rola hadi hewa yote itoke.

Ukimya nao una kiasi chake. Rolls-Royce Phantom ya mwaka 2017 ilibeba zaidi ya kilo 130 za nyenzo za kuzuia sauti. Miaka mitatu baadaye, wahandisi wa Ghost mpya, gari jingine la kampuni hiyo, waliona ukimya uliopita kiasi unamchanganya mtu, wakarekebisha sehemu mbalimbali za gari ili zitoe mnong'ono mmoja mwororo. Dereva wa Probox ana sababu nzito zaidi ya kutotaka ukimya kamili: lazima asikie honi ya lori na king'ora cha ambulensi.

Lazima pia alisikie gari lenyewe. Mvumo unaokua na mwendo, kisha ukabadilika gari linapokata kona kushoto au kulia, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya gurudumu inayokufa. Fundi wa kweli haufuniki mvumo huo kwa butili, hata kama mteja amekuja na pesa mkononi. Humrudishia ufunguo, humwambia akabadilishe beringi kwanza, kisha arudi waliendeshe gari pamoja na kusikiliza kama bado kuna kazi.