Sifa za Sabuni ya Kahawia

Anayetengeneza sabuni Kigoma huanza kazi na rangi ambayo hakuichagua. Mawese yanayokamuliwa Simbo, Ilagala na kandokando ya Ujiji hutoka mekundu, na wekundu huo ni karotini, ileile iliyomo kwenye karoti. Ukiyachanganya na maji ya kostiki hauondoki wote. Hufifia ukabaki umanjano mzito. Anayetaka weupe huongeza mafuta ya mise, yale ya kwenye kokwa, maana hayana wekundu huo na povu lake ni jingi. Mpaka hapo kazi haijawa ngumu. Ugumu huingia pamoja na manukato.

Wanunuzi wengi hudhani manukato ni jambo la mwisho na jepesi: unamimina kifuniko kimoja, sabuni inanukia, basi. Fundi anajua vingine. Kila harufu ni kemikali, na sabuni ni alkali, na hivyo viwili vikikutana huendelea kushughulikiana muda mrefu baada ya fundi kunawa mikono na kwenda kulala.

Tuitazame vanila, kwa kuwa ndiyo inayowatesa mafundi wengi. Kinachonukia ndani yake ni vanilini. Ganda la vanila lililoandaliwa vizuri, liwe la Kagera au la kwingine, lina kama asilimia 2 tu ya vanilini, ndiyo maana sehemu kubwa ya harufu ya vanila inayouzwa duniani hutoka kiwandani. Njia hiyo waliifungua Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, mwaka 1874, walipoitengeneza kutokana na utomvu wa misonobari. Iwe ya shambani au ya kiwandani, ndani ya sabuni tabia yake ni moja. Siku ya kumimina, uji wa sabuni una rangi ya maziwa. Siku chache baadaye pembe zinapiga manjano. Wiki zikipita mche mzima unakuwa wa kaki, kisha hudhurungi, na kama vanilini ilikuwa nyingi unaishia kahawia iliyokolea kabisa. Mteja akiuona anauliza kama sabuni imeoza.

Haijaoza. Chukua mche wa wiki moja uukate katikati kwa waya. Utaona ganda la kahawia kuzunguka pande zote, unene wake haufiki hata wa kucha, na ndani kiini bado kimepauka. Hewa na mwanga huingia kutoka nje, kwa hiyo vanilini ya nje hubadilika kwanza. Acha vipande hivyo mezani, uso mpya uliokatwa nao utaanza safari ileile. Fundi anayeuza kwa kukata mbele ya mteja hulijua hili vizuri: sabuni yake ni nyeupe saa anayoiuza, na ni kahawia mteja akifika nusu yake bafuni.

Mawese ya Kigoma yana kisa chake cha pili. Karotini haipatani na jua. Ukiianika, umanjano unachujuka. Basi kwenye mche mmoja wenye mawese na vanila kuna mambo mawili yanayokwenda njia mbili tofauti: jua linafuta umanjano wa mafuta, na hewa pamoja na mwanga vinaleta kahawia ya manukato. Miche iliyo juu ya rafu na iliyo chini yake, ya siku moja na ya ndoo moja, inaweza kutoka na rangi mbili. Fundi asiyelielewa hili atamlaumu aliyemuuzia kostiki. Anayelielewa hugeuza miche yake kila baada ya siku kadhaa na kuiweka kivulini penye upepo kwa wiki nne hadi sita, iive kwa pamoja.

Karafuu ni mtihani mwingine. Mafuta yake hukamuliwa kwa mvuke kwenye kiwanda cha makonyo Wawi, Pemba, na yakitoka Dar es Salaam kwa reli ya kati husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kunusiwa Kigoma. Eujenoli iliyomo hupaka sabuni rangi ya kaki, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba inaharakisha kuganda. Uji uliokuwa unamiminika unakuwa mzito ghafla ndani ya ndoo, mti wa kukorogea unasimama wenyewe, na kalibu bado tupu. Anayeijua karafuu huyaacha mafuta na kostiki vipoe zaidi, huichanganya karafuu na mafuta kidogo kwanza, huitia mwisho kabisa, na huitia kwa uchache, maana ikizidi inawasha ngozi. Nimesema ndoo kwa makusudi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Ndoo ngumu ya plastiki ndiyo chombo cha kazi hii.

Mchaichai ni rafiki. Sitrali yake hupiga manjano, ila juu ya mawese nani ataiona? Yasmini hudanganya: inanukia kama kitu cheupe, kumbe ina indoli, nayo huleta kahawia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya fundi ni kutoamini karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Manukato yanayouzwa kwa kupimwa huitwa waridi, vanila au yasmini, na ndani kuna mchanganyiko wa vitu vingi. Waridi la dukani linaweza kuwa limejaa vanilini. Dawa yake ni jaribio. Unatenga kopo moja la uji, unatia manukato mapya kwa kipimo utakachotumia, halafu unakata vipande viwili. Kimoja unakiweka dirishani, kingine unakifunga kwenye karatasi na kukitia kabatini. Cha dirishani kitakuambia sabuni itakavyokuwa kwenye meza ya soko, na cha kabatini kitakuambia itakavyokuwa ndani ya boksi la mteja. Anayeruka hatua hii anaweka rehani ndoo nzima ya lita 20.

Wapo wanaogawa uji: nusu wanatia manukato, nusu wanaiacha bila, kisha wanamimina kwa mistari wapate nyeupe na kahawia. Inapendeza, nami husimama kuitazama kila ninapoikuta. Lakini vanilini haiheshimu mpaka. Inahama polepole kutoka mstari wenye harufu kwenda usio nayo, na baada ya wiki kadhaa kingo zinafifia. Fundi mzoefu huifanya mistari kuwa minene tangu mwanzo, akijua kwamba sehemu yake itamezwa. Wengine hutia poda nyeupe ya titani dioksaidi. Hiyo huishusha kahawia ikawa kaki, haiifuti. Zipo pia dawa za kuituliza vanila. Kwenye sabuni ya kuyeyusha na kumimina husaidia, ila kwenye sabuni ya kostiki mara nyingi rangi huchelewa tu, halafu inafika. Kwa maoni yangu fedha hiyo afadhali inunue mise.

Njia ninayoisifu zaidi ni ya yule anayeipangia kahawia mahali pake kabla haijaja. Milimani Kalinzi, si mbali na ziwa, wanalima kahawa. Unga wa kahawa ukitiwa kwenye uji pamoja na vanila husugua ngozi taratibu, na rangi inapoiva inakuta mwenzake anaisubiri. Hapo hakuna anayeuliza kama sabuni imeoza. Anayenunua anaona kahawia, ananusa vanila, na kila kitu kinakubaliana. Kuna ufundi mkubwa katika kukubaliana huko, kwa sababu siku ya kumimina fundi haoni rangi anayoiuza. Anaifanyia kazi rangi ya mwezi ujao.

Kwingine kahawia ni heshima. Huko Syria, mji wa Aleppo umetengeneza sabuni ya mzeituni na mafuta ya mloreli kwa karne nyingi, na mwaka 2024 ufundi huo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Sabuni yao hupangwa minara na kuachwa miezi mingi mpaka ngozi ya nje inakuwa kahawia ya dhahabu huku ndani imebaki kijani. Wanunuzi wanaojua huikata kuutazama ukijani huo, na ile kahawia ya nje ni ushahidi kwamba sabuni imekaa vya kutosha. Kwetu kahawia bado inamshushia fundi bei, ilhali nayo huletwa na hewa na muda.

Na sabuni zetu hazielekei kuwa nyeupe zaidi. Tangu 2018 serikali imeisukuma michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za Tenera, zenye nyama nyingi na ganda jembamba kuliko Dura ya wazee. Mazungumzo yote ni ya mafuta ya kula, na ni haki, lakini mawese yakiongezeka yatafika na kwenye ndoo za sabuni, na wekundu wake yatakuja nao.

Basi ukipita soko la Mwanga au ukishuka Kibirizi na kukuta miche ya kahawia, usiitupie macho tu ukaendelea. Inuse. Ikiwa inanukia vanila au karafuu, rangi hiyo ina sababu. Ikiwa ina madoa ya chungwa hapa na pale na harufu ya mafuta yaliyochacha, hiyo ndiyo imeharibika, iache. Tazama kama kahawia imesambaa sawasawa pande zote, maana hiyo ni dalili ya mikono iliyogeuza miche kwa wiki nzima nzima. Muulize mama aliyeitengeneza alitia nini na ameiivisha muda gani. Akikujibu bila kusita, lipa bei aliyoitaja.