Mazungumzo ya Galileo na Somo la Kiswahili

Hapa Mururu, ambapo mto Rusizi ndio mpaka wetu na Kongo, wengi hukihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kuvukia daraja na kununulia bidhaa. Sheria ilikifanya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini sheria haiondoi dhana. Ukitaja sayansi, utaambiwa kwamba hiyo ina lugha zake. Kwa hiyo tumeona yafaa kukihakiki kitabu cha zamani ambacho mwandishi wake aliikabili dhana kama hiyo.

Galileo Galilei alitoa Dialogo mjini Florence mwaka 1632. Wanazuoni wengi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini. Yeye mwenyewe alikitumia mwaka 1610 alipotangaza miezi minne ya Mshtarii. Safari hii alichagua Kitaliano, ili hata asiyepita chuo kikuu aweze kuipima hoja ya Copernicus kwamba dunia hulizunguka jua.

Kitabu ni mazungumzo ya siku nne baina ya watu watatu: Salviati anayemtetea Copernicus, Simplicio anayemfuata Aristotle, na Sagredo, msikilizaji mwerevu. Uzuri wake umo katika mifano. Siku ya pili Salviati anatutaka tujifungie chumbani ndani ya merikebu, pamoja na vipepeo, na chupa idondoshayo maji katika chombo kilicho chini yake. Merikebu ikienda kwa mwendo ulio sawa, bila kuyumba, matone huanguka pale pale na vipepeo huruka kana kwamba imetia nanga. Vivyo hivyo, hatuuhisi mwendo wa dunia. Mwanafunzi aliyepanda boti ya ziwa Kivu siku ya utulivu hahitaji kamusi kuyaelewa hayo.

Hata hivyo, kasoro zipo. Simplicio amepewa jina linalonuka ujinga, na hoja aliyoipenda Papa imewekwa kinywani mwake. Katika malumbano ya washairi wetu, tangu enzi ya Muyaka, mpinzani hujijibia mwenyewe. Hapa mwandishi ndiye amshikaye ulimi. Pili, siku ya nne Galileo anadai kwamba kupwa na kujaa kwa bahari kunatokana na miendo ya dunia, na anamlaumu Kepler kwa kukuhusisha na mwezi. Alikosea. Mvuvi wa pwani yetu, aitaye bamvua maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yu karibu zaidi na ukweli.

Mwaka 1633 kitabu kilipigwa marufuku, na mwandishi akazuiliwa nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1642. Lakini Kitaliano kilikuwa kimekwisha kuithibitisha nguvu yake, wala hakikungoja kwanza kutangazwa kuwa lugha ya sayansi.

Basi, walimu wenzetu, tuupeleke mfano wa merikebu darasani. Wanafunzi waueleze kwa Kiswahili, na anayeupinga aachwe aseme kwa kinywa chake, asifanywe Simplicio. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeufuata ushujaa wa Galileo na kuliepuka kosa lake.