Funga, Fungua, Ziba: Uhakiki wa Vitenzi katika Maelekezo ya Ufundi wa Viyoyozi kwa Wasomaji wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya maelekezo ya kusimika kidhibiti cha kilango cha mchepuko katika mfumo wa viyoyozi na kuunganisha nyaya zake. Msomaji anayekusudiwa ni fundi mwanafunzi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anayetazamia kazi Mbarara. Hoja kuu ni kwamba uundaji wa istilahi umeshughulikia zaidi nomino na kuviacha vitenzi, ilhali hatari ya kazi hii imo katika vitenzi. Na kwamba tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi inaweza kuwa kosa inapofika mkononi mwa fundi.

Utangulizi

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na mara nyingi lugha inayowawezesha kuelewana sokoni na kazini ni Kiswahili, ingawa si Kiswahili kimoja: kipo cha Kivu, kipo cha Bujumbura, kipo kilichookotwa Nairobi na Wasomali waliopita huko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa nafasi ya kufanya kazi, na jiji la karibu lenye kazi za ufundi ni Mbarara, penye hospitali ya rufaa ya mkoa, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, viwanda vya maziwa na hoteli.

Kisera, mazingira ni mazuri kuliko wakati wowote uliopita. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Somalia ikafuata mwaka 2024. Wakazi wengi wa Nakivale, basi, ni raia wa nchi za Jumuiya ambayo mkataba wake, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Hata hivyo, mafunzo ya ufundi nchini Uganda hufundishwa na kutahiniwa hasa kwa Kiingereza. Kinachosemwa kwa Kiswahili pembeni mwa meza ya kazi hakina maandishi ya kukitegemeza.

Kifaa kinachochunguzwa hapa hakikuchaguliwa kwa sababu kimeenea. Mbarara haina joto la Mombasa, na kiyoyozi cha kawaida huko ni kile cha ukutani kinachohudumia chumba kimoja. Mifumo ya mifereji ya hewa huhitajika zaidi katika vyumba vya upasuaji, maabara na majengo makubwa. Kifaa hiki kimechaguliwa kwa sababu maelekezo yake yanakutanisha hewa, maji yagandayo na umeme katika ukurasa mmoja, na kila kimoja kina namna yake ya kufungwa na kufunguliwa.

Kifaa na majina yake

Jengo linapogawanywa katika kanda, kila ukanda huwa na kilango chake ndani ya mfereji wa hewa, au dakti kama mafundi wasemavyo, na kidhibiti joto chake ukutani. Vyumba vingi vikishapoa, vilango vyake huziba. Feni ya kawaida haijui hilo. Huendelea kusukuma hewa ileile. Kanieneo hupanda katika mfereji mkuu, hewa hupiga mluzi kwenye matundu ya vyumba vichache vilivyobaki, na maungio huanza kuvuja. Ndipo inapohitajika njia ya mchepuko, inayounganisha mfereji wa kupeleka hewa na ule wa kuirudisha. Katikati yake huwekwa kilango chenye mota. Kidhibiti hupima kanieneo kupitia mrija mwembamba uliochomekwa katika mfereji mkuu, na hukiamuru kilango kufunguka kadiri kanieneo inavyozidi kiwango kilichowekwa. Kikifunguka kupita kiasi wakati wa kupoza, hewa baridi huirudia koili mfululizo na barafu huanza kujenga juu yake. Nyaya ni chache: mbili za kuleta volti 24 kutoka kwenye transfoma, na kwa mota ya kwenda na kurudi, moja ya kufungulia, moja ya kuzibia, na moja inayotumiwa na zote mbili.

Kuhusu majina ya vitu hivi hakuna tatizo kubwa, na juhudi nyingi za wanaistilahi zingeweza kupumzishwa hapa. “Transfoma”, “feni”, “mota”, “koili” yanaeleweka kuanzia Bukavu hadi Kampala. “Dampa” linaweza kukaa ubavuni mwa “kilango” bila ugomvi. “Kanieneo” ni istilahi iliyoundwa vizuri, kwa kuwa imebeba ndani yake maana ya kani juu ya eneo, lakini aliyeikosa darasani Tanzania hatakuwa ameisikia. Kwake ipo “presha”, ambayo nayo ni ugonjwa. “Mchepuko” linafaa kwa umbo, ingawa mtaani Tanzania limekwisha kuwa mpenzi wa pembeni na darasa litacheka. Mwanafunzi wa Nakivale anayo picha iliyo bora zaidi: ile barabara ya baipasi ya Mbarara, inayoyapitisha malori yaendayo upande wa Rwanda bila kuyaingiza mjini. Mwalimu akianza na malori hayo, jina lolote atakaloliweka juu yake litashika.

Vitenzi

Chukuliwe tafsiri ifuatayo, iliyotungwa hapa kwa kufuata kamusi neno kwa neno: “Hakikisha swichi imefunguliwa kabla ya kufunga kidhibiti. Funga kilango. Kisha funga saketi.” Hakuna neno ambalo mwalimu wa sarufi angelitia mstari mwekundu, lakini sentensi hizo zinaweza kuua mtu.

Katika lugha ya wanaumeme, swichi iliyofunguliwa ni ile iliyokata njia ya umeme: hakuna kinachopita. Katika Kiswahili cha kila siku mambo ni kinyume. Mtu hufungulia redio ili iseme na hufungulia maji ili yatoke. Kwa msemaji wa kawaida, kilichofunguliwa kinapita. Fundi aliyesoma “swichi imefunguliwa” kwa masikio ya nyumbani ataiacha ikiwa imewaka, kisha ataingiza bisibisi. Kitenzi “funga” kina mzigo mzito zaidi. Kufunga kiyoyozi ni kukiweka mahali pake; hivi ndivyo mafundi wa pwani na bara wanavyosema. Kufunga kilango ni kuizuia hewa. Kufunga saketi ni kuuruhusu umeme. Kitenzi kimoja, katika sentensi mbili zinazofuatana, kinaamuru hewa isimame na umeme utembee. Aliyeandika Kiingereza cha asili alijikuta na utata wa aina hiyohiyo, lakini wasomaji wake wamefundishwa kwa miongo mingi kuuvuka. Msomaji wa Kiswahili anaachiwa auvuke peke yake, tena katika lahaja ambayo huenda husema “fungula” pale maandishi yanaposema “fungua”.

Jambo la kusikitisha ni kwamba lugha yenyewe haina upungufu. Kwa umeme vipo “washa”, “zima”, “kata” na “unganisha”, na Mkongo, Mrundi na Mtanzania hawatofautiani kuhusu umeme uliokatwa. Kwa hewa kipo “ziba”, kisichoweza kumaanisha kusimika. Kwa kukiweka kifaa mahali pake vipo “simika” na “pachika”. Zaidi ya hapo, mnyambuliko wa Kiswahili unatenganisha kile ambacho Kiingereza hukichanganya: “fungua kilango” ni kazi ya mkono wa fundi, “kilango hufunguka” ni kazi ya mota bila mkono wa mtu. Maelekezo yanayoitumia tofauti hiyo humwambia mwanafunzi, bila sentensi ya ziada, wapi aondoe vidole vyake.

Njeo ya mazoea nayo imesahauliwa. Vilango hugawanywa kwa hali vinayokuwa nayo umeme usipokuwapo: vingine hubaki wazi, vingine hubaki vimezibwa. Wafasiri wamezoea kutafuta nomino au kivumishi kwa kila lebo, na matokeo huwa misemo mirefu yenye “kawaida” ndani yake. Hapo linatokea kosa la pili. Waya ule unaotumiwa na pande zote mbili huitwa katika Kiingereza kwa neno lenye maana mbili, “ya wote” na “ya kila siku”. Mfasiri asiyejua ufundi huandika “waya wa kawaida”. Sasa ukurasa una kilango cha kawaida na waya wa kawaida, na vitu hivyo viwili havihusiani kabisa. “Waya wa pamoja” ungetosha. Na kwa kilango, “hukaa kimezibwa, hufunguka kikipata umeme” ni maelezo kamili ambayo hayahitaji istilahi yoyote.

Ukosoaji huu unaigusa desturi nzima. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ya mwaka 1990, vilifanya kazi ambayo bila hiyo mjadala huu usingewezekana. Lakini orodha ya istilahi kwa asili yake hupenda majina ya vitu, na sera zilizofuata zimepima maendeleo kwa wingi wa majina hayo. Kamati yaweza kubishana asubuhi nzima juu ya “dampa” na “kilango” bila mtu yeyote kudhurika na uamuzi wake. “Funga” haliingii kwenye ajenda kwa sababu kila mjumbe anadhani analijua.

Waya mweusi

Utetezi mmoja ungekuwa kwamba nadharia ya lengo ya Reiss na Vermeer (1984) imekwisha kulijibu suala hili: tafsiri ihukumiwe kwa kusudi lake. Waya mweusi unaonyesha mpaka wa jibu hilo. Maelekezo yaliyoandikwa Marekani humwambia fundi kwamba waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ni nyutro. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao Afrika Mashariki iliurithi, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Katika mfumo mpya, kahawia ni wa moto, buluu ni nyutro, na mweusi umerudi kuwa wa moto katika nyaya za fezi tatu. Kwa hiyo “waya mweusi” ni tafsiri isiyo na dosari, kusudi lake linajulikana, na bado ndani ya jengo la zamani itaelekeza mkono pasipo.

Transfoma inaongeza jambo jingine. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea volti 120 na kutoa 24, yaani uwiano wa 5 kwa 1. Uganda hutumia volti 240. Ikiunganishwa moja kwa moja, itajaribu kutoa volti 48 na itaungua, huenda pamoja na kidhibiti. Transfoma nyingine huwa na nyaya kadhaa za kuingizia umeme, kila moja kwa volti yake. Hapo huchaguliwa ule wa 240 na ncha za nyingine hufunikwa, kila moja peke yake, kwa kihami. Mfasiri mwaminifu ataiandika 120 kama ilivyo kwa kuwa tarakimu hazitafsiriwi. Katika kazi hii inampasa asiwe mwaminifu kwa namna hiyo: tarakimu na rangi ni sehemu ya lugha ya mahali, na huhitaji kuhamishwa na mtu aliyesimama mbele ya ubao wa fyuzi wa Mbarara.

Anayestahili kuisimamia kazi hiyo

Yupo atakayesema mwanafunzi wa Nakivale aachwe na Kiingereza, kwa kuwa ndicho kitakachomtahini na ndicho kilichoandikwa kwenye kifaa. Hoja hiyo ina nguvu yake, na hakuna maelekezo ya Kiswahili yatakayomwondolea haja ya kuzisoma herufi zilizo kwenye vituo vya nyaya. Lakini mtihani hupita siku moja. Mwanafunzi huyo atafanya kazi akiwa na mwenzake juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya dari, na swali “umefunga?” litaulizwa kwa Kiswahili.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni dogo na halina gharama kubwa. Kabla ya orodha nyingine ya nomino, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ikubaliane na taasisi za ufundi za nchi wanachama juu ya vitenzi visivyozidi ishirini vya kazi za umeme, hewa na maji, na vijaribiwe na wasemaji wa lahaja mbalimbali kabla ya kuchapwa. Nakivale ni mahali panapofaa kwa jaribio hilo: wasemaji wa Kivu, Bujumbura, Mogadishu na Isingiro wanaweza kuketi katika chumba kimoja bila kukatiwa tiketi. Jaribio lenyewe ni kumpa mwanafunzi sentensi, transfoma isiyounganishwa na umeme, na kilango kilicho mezani, kisha kutazama afanyalo. Sentensi za kuanzia zaweza kuwa hizi:

“Kata umeme kwenye swichi kuu. Pima kwa mita uhakikishe hakuna umeme. Simika kilango, mshale uelekee hewa inakokwenda. Pachika kidhibiti. Unganisha waya wa pamoja kwanza, kisha wa kufungulia, kisha wa kuzibia. Chomeka mrija katika mfereji mkuu, mahali paliponyooka, kabla ya njia ya mchepuko. Ondoa mikono. Washa. Vilango vyote vya vyumba vikiwa wazi, kilango cha mchepuko hukaa kimezibwa. Ziba vyumba vyote isipokuwa kile kidogo kuliko vyote. Kilango cha mchepuko kitafunguka chenyewe.”

Katika aya hiyo “kilango” linaweza kuondolewa na “dampa” likawekwa mahali pake, na fundi asidhurike. “Kata” likibadilishwa kuwa “fungua”, jaribio lirudiwe upya.